Mwanachama Asiyetaka Kutajwa

Mwanafunzi wa Kitanzania akifika Guangzhou akapotelewa na pasi ya kusafiria, au akakosana na profesa wake, au akitaka tu kujua ni unga gani wa Kichina unaosongeka ukawa ugali wa kueleweka, aliambiwa neno moja: nenda kwa Respicius.

Respicius Mutalemwa alikuwa mtu wa Bukoba, umri wake arobaini kasoro kidogo, akisomea uzamivu katika usafishaji wa maji machafu, na alikuwa na jibu. Mara nyingi alikuwa nalo kabla swali halijaisha. Alivaa koti la suti hata bwaloni, Kiingereza alikisema polepole kama hakimu anayesoma hukumu, na wenzake walipomwita nshomile, yaani msomi anayejua vizuri kwamba yeye ni msomi, kama Wahaya wanavyotaniwa nchi nzima, hakukasirika hata kidogo. Aliwasahihisha matamshi tu.

Chama cha wanafunzi kilimfanya mwenyekiti wa ustawi, cheo ambacho kabla yake hakikuwapo, na wenye midomo walidai alikitunga mwenyewe. Lakini kazi aliifanya. Alipokea wageni uwanja wa ndege wa Baiyun, aliwasindikiza wagonjwa hospitali na kuwatafsiria, na kila Krismasi aliwapikia waliobaki ndizi kwa maharage, chakula alichokisifia kwa muda mrefu kuliko muda wa kukila.

Mwaka ninaousimulia, baridi iliingia mapema. Baridi ya Guangzhou haina theluji ya kupigia picha, na ukiwatajia watu wa nyumbani nyuzijoto zake watakuuliza unalalamikia nini. Lakini ni baridi ya majimaji. Huko kusini nyumba hazijengwi na mitambo ya joto, kwa hiyo ndani mwako mnakuwa na baridi kuliko barabarani, nguo hazikauki, na watu wanakula wakiwa wamevaa makoti mpaka shingoni. Kipasha joto cha umeme hakiruhusiwi bwenini. Respicius mwenyewe ndiye aliyewatangazia wenzake katazo hilo, kwa hiyo alikuwa mtu wa mwisho ambaye angeweza kulivunja.

Sasa, Respicius alikuwa na bakteria wake. Aliwafuga maabara katika mapipa ya kioo, wakila rangi inayomwagwa na viwanda vya nguo, rangi ya vitambaa vile vile ambavyo wafanyabiashara wa Nairobi na Kariakoo hubeba kwa marobota kutoka soko la Zhongda. Aliwalea tangu mwaka juzi. Aliwazungumzia kama mtu anayezungumzia ng'ombe wake wa maziwa: leo wamekula vizuri, leo wamesusa. Siku moja mwanzoni mwa Novemba alifungua dirisha la maabara ili harufu itoke, simu ikaita, akaondoka mbio kumpokea mwanafunzi mgeni uwanja wa ndege. Ndege ilichelewa. Usiku ule baridi ilishuka ghafla, na asubuhi alipofika maabara maji yalikuwa yamebadilika rangi na harufu. Bakteria wote walikuwa wamekufa.

Profesa wake hakumfokea. Pengine angefokewa ingekuwa nafuu. Alimwambia kwa upole kwamba mambo haya hutokea, aanze upya, na kwamba kuhitimu Juni kusahauliwe, itazamwe Juni ya mwaka unaofuata. Respicius alishukuru, akainama kidogo kama wanavyofanya wenyeji, akatoka.

Hakumwambia mtu. Mkewe Dorothea, aliyekuwa Bukoba na watoto wao wawili, alikuwa ameshawatangazia ndugu kwamba Baba Koku anarudi Juni akiwa daktari, na mjomba mmoja alikuwa ameshamchagua mbuzi. Mtu utaanzaje kumwambia mjomba kwamba mbuzi aendelee kula majani kwa sababu ya dirisha?

Tangu siku ile Respicius alianza kulala. Alilala mchana, akaamka amechoka, akalala tena. Maabarani akawa anapita kama mgeni. Maandishi aliyapenda sana lakini sasa akisoma ukurasa anafika chini hajui juu kulikuwa na nini. Jumapili, Dorothea alipopiga kwa video na watoto wakamwonyesha sinia la senene, wale panzi wa kukaanga, wakiwanyonyoa mabawa huku wakigombana, aliwatazama kidogo, kisha akasema mtandao wa China unasumbua, akakata. Jumapili iliyofuata mtandao ukasumbua tena. Na kila alipokaa peke yake alijieleza kisomi: ni upungufu wa jua. Ni vitamini. Alinunua vidonge vya vitamini, akala, akalala.

Wa kwanza kumshtukia alikuwa Zulekha. Zulekha alikuwa msichana wa Makunduchi, mwaka wa nne wa udaktari wa meno, mwenye maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Respicius alimwendea akilalamika taya linamuuma. Zulekha alimkalisha dirishani penye mwanga, akamwambia afungue kinywa, akatazama kwa kitambo.

Alimwambia hana jino bovu hata moja. Anasaga meno usingizini.

Respicius alikanusha. Alisema Wahaya hawasagi meno, labda Wazanzibari.

"Kaka Respi," Zulekha alisema, "meno hayajui kabila. Mtu husaga meno akiwa na jambo analolitafuna haliishi. Una nini?"

Alimjibu kwamba hana kitu ila baridi, akamshukuru kwa Kiingereza, akaondoka na taya lake. Zulekha hakumfuata. Lakini siku ile ile alikwenda kuzungumza na Careen, mwenyekiti wa chama, binti wa Tarime asiyejua kuzungukazunguka, na wawili hao wakapanga njama ambayo Respicius hakuja kuijua mpaka baadaye sana.

Njama yenyewe ilikuwa hivi. Careen alimwita mwenyekiti wa ustawi na kumwambia kwa sura ya kikazi kwamba msimu huu wa baridi na sikukuu unawaelemea wanafunzi. Wapo wanaojifungia ndani, wapo waliokosa nauli ya kurudi nyumbani, na wakati wa mwaka mpya wa Kichina chuo kitakuwa kitupu kama shule wakati wa likizo. Chama kinahitaji kujua mtu aliyezidiwa na mawazo aende wapi, apokelewe na nani, kwa lugha gani. Nani mwingine anaweza kazi hiyo kama si yeye?

Respicius alikubali kwamba kweli hakuna mwingine.

Kwa hiyo Alhamisi alivaa koti la suti juu ya sweta mbili, akaenda kwenye kituo cha ushauri nasaha cha chuo. Alipokewa na mama mmoja mfupi wa umri kama wake, aliyejitambulisha kama Liang. Wanafunzi walimwita Mwalimu Liang. Chumba chake kilikuwa na viti viwili vya kukalika, birika la maji ya moto, na mti mdogo wa ndimu za mapambo. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, Kichina cha Respicius kilikuwa kizuri zaidi ya alivyotarajia, wakaelewana kwa kuchanganya.

Respicius alieleza kwamba amekuja kwa niaba ya chama. Akauliza maswali ya jumla, akajibiwa. Kisha akakohoa, akasema kuna mwanachama mmoja, asiyetaka kutajwa.

Mwalimu Liang aliuliza mwanachama huyo ana shida gani.

Alisema analala sana lakini hapumziki. Hasomi. Chakula anakiona kama karatasi. Akiongea na familia yake anajisikia kama mtu anayewaongopea hata akisema habari za asubuhi. Mwalimu Liang aliuliza umri wake, Respicius akasema wa makamo. Anasomea nini? Sayansi, akasema, mambo ya vimiminika. Kuna jambo lililomtokea? Respicius alitazama ule mti wa ndimu, akasema ameelezwa kwamba mwanachama huyo alipotelewa na viumbe fulani aliokuwa anawatunza.

Mwalimu Liang hakucheka. Alisema mwanachama huyo anabeba mzigo mkubwa, angependa kuonana naye Alhamisi ijayo. Kama anaogopa kuja peke yake, Respicius amsindikize.

Alhamisi iliyofuata Respicius alikuja peke yake. Alisema kwa masikitiko kwamba mwanachama amebanwa na profesa. Lakini kwa kuwa yeye ameshafika, na saa imeshatengwa, labda apewe ushauri aupeleke. Mwalimu Liang akampa ushauri aupeleke: mwanachama atoke nje kila siku penye jua, hata kama jua lenyewe ni dogo, atembee kando ya Mto Zhujiang, asile peke yake, na achague mtu mmoja tu katika dunia nzima amwambie ukweli.

Alhamisi ya tatu mwanachama alikuwa na mafua. Respicius alikuja na taarifa. Mwanachama ametembea mtoni mara nne na anakiri kwamba akitembea kifua kinapungua uzito. Kula na watu amejaribu mara moja. Mtu wa kumwambia ukweli hajampata.

"Kwa nini hajampata?"

"Kwa sababu watu wote anaowajua," Respicius alisema, "ni watu wanaomtegemea yeye."

Mwalimu Liang alimimina maji ya moto katika vikombe viwili, akamsogezea kimoja.

"Mwanachama huyu ana bahati," alisema. "Wiki tatu hizi ana mtu anayemwendea kila mahali kwa niaba yake. Lakini wewe, Bwana Respicius, wewe una nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Respicius kuulizwa swali likaisha lote, likakaa, na jibu likawa halijafika. Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akaivaa. Akaivua tena.

"Mwanachama ni mimi," alisema.

"Ndiyo," alisema Mwalimu Liang. "Karibu."

Akalia hapo, mtu mzima na koti lake, kwa ajili ya bakteria, na Dorothea, na mbuzi, na Krismasi nne mfululizo ugenini. Mwalimu Liang hakumharakisha. Alipotulia, mama yule alimwambia kwamba anavyoona, hii inafanana na sonona, ambayo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, haitokani na uvivu wala kukosa imani wala kukosa vitamini. Angependa amwone pia daktari wa magonjwa ya akili hospitali. Neno hilo lilimtisha Respicius, kwa sababu kwao mtu anayetajwa pamoja na neno hilo ni yule anayetembea barabarani akipigana na upepo. Mwalimu Liang alimwambia kwamba chumba cha kusubiria cha daktari huyo kimejaa wahasibu na akina mama wa nyumbani, na kwamba asipokuwa makini atakutana huko na maprofesa wake.

Mtu wa kuambiwa ukweli alipatikana siku ya Krismasi, na hakupatikana kwa ushujaa. Respicius alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba ana homa, ndizi hazitapikwa. Dorothea akapiga. Alikuwa amevaa kitenge kipya, nyuma yake watu wanacheka, shamrashamra zote za sherehe zinaonekana. Akamuuliza amelala vizuri?

Respicius akasema mtandao unakatika.

"Baba Koku," Dorothea alisema, na akatoka nje na simu mpaka migombani, penye utulivu. "Huu mtandao wako nimeuchunguza. Nikikuuliza bei ya mchele, unasikia. Nikikwambia habari za mjomba, unasikia. Nikikuuliza umelala vizuri, unakatika. Ni mtandao gani huo unaochagua maswali?"

Hapo hakuwa na pa kukimbilia. Akamwambia: dirisha, bakteria, Juni ambayo haipo, usingizi, Mwalimu Liang, daktari anayetakiwa kumwona. Alimwambia kwa Kihaya, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini mno kwa jambo kama lile. Alipomaliza alingoja.

Dorothea akasema kwamba Novemba yote alidhani ana mwanamke mwingine huko, Mchina, tena alishampa na jina. Hasira alizokuwa amemwekea mwanamke huyo sasa hajui azipeleke wapi. Respicius alicheka, kicheko chenye kutu, cha kwanza tangu dirisha. Ndipo Dorothea akasema taratibu kwamba mjomba na mbuzi wake ataongea nao yeye. Yeye Respicius kazi yake ni moja, kwenda kwa daktari.

Saa hiyo hiyo mlango ukagongwa. Alikuwa Zulekha na sufuria. Alisema waliobaki wote wamekusanyika kwa Careen wakingojea ndizi, na kwa kuwa mgonjwa wa homa hana homa, basi ashike upande mmoja wa sufuria. Alikwenda. Ndizi alizipika vibaya, ziliungua chini, na hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake. Kwa watu wale ilikuwa heshima kubwa kuliko zote.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo alipona. Haikuwa hivyo. Daktari alionana naye mara moja mwezi Januari, akampa dawa, akamwonya kwamba zitachukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti. Respicius alisoma kila kitu kilichoandikwa kuhusu dawa hiyo kwa lugha tatu, akamwandikia daktari maswali ambayo yangeweza kuwa sura ya tasnifu, akaimeza huku akiishuku. Kisha ikaja sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina.

Asiyewahi kubaki katika mji wa China wakati huo hawezi kufahamu ukimya wake. Kwa siku chache kabla, barabara zilijaa maua na michungwa midogo ya vyunguni, mataa mekundu yakaning'inizwa kila mlango, watu wakivuta masanduku kuelekea treni. Halafu ghafla hapakuwa na mtu. Duka la maandazi ya mvuke lilifungwa. Bwalo likabakiza dirisha moja, likiuza kitu kimoja. Mwalimu Liang alikwenda mkoani kwa wazazi wake, lakini kabla ya kuondoka alimpa Respicius namba ya simu ya msaada inayopokelewa hata sikukuu, akamfanya aihifadhi mbele yake, akasema: siku zitakazokuwa tupu ndizo zitakazokuwa nzito, usijifanye kushangaa zikifika.

Zilifika siku ya pili ya mwaka mpya. Respicius aliamka asubuhi na akashindwa kuinuka. Hakuwa amefungwa na kitu, miguu ilikuwapo, lakini amri haikufika. Alilala akitazama dari, na likamjia wazo, tulivu kabisa, kwamba kama asingeamka leo kusingeharibika kitu. Wazo lenyewe halikumtisha. Kilichomtisha ni jinsi lilivyoingia kwa adabu, kama mgeni aliyeshaijua nyumba. Akachukua simu, akapiga namba ile.

Sasa, Kichina cha Respicius kilikuwa kizuri kweli, lakini kilikuwa Kichina cha maji machafu. Alijua kusema mashapo, mchujo, kiwango cha hewa ndani ya maji. Kwa huzuni alikuwa na neno moja la darasani, lile la kusema timu yako ikifungwa. Dada mmoja alipokea, sauti changa, akauliza amsaidieje, na Respicius kwa kihoro alitumia maneno aliyokuwa nayo. Akasema ndani hakupitiki tena. Tope limekaa chini, limeganda. Tangu Novemba maji hayaendi.

Dada yule alimuuliza kwa wasiwasi anaishi ghorofa ya ngapi, na je, majirani wa chini wameshalowa? Akasema namba hii si ya mafundi bomba, lakini kwa kuwa ni sikukuu na mafundi ni wa shida, asubiri amtafutie.

"Hapana, dada," Respicius alisema. "Bomba ni mimi."

Sauti ya dada ikabadilika, sasa ikaja polepole, kwa maneno mafupi yasiyoweza kupotea njiani. Alimuuliza yuko peke yake? Ndiyo. Anafikiria kujidhuru? Respicius alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wa mtafiti, akajibu kwamba hapana, hajapanga kitu, ila asubuhi ya leo kuishi na kutoishi vimeonekana vina uzito sawa, na yeye hapendi matokeo ya namna hiyo. Dada alisema amefanya vizuri sana kupiga. Akamuuliza nani yuko karibu, mtu wa kumfikia kwa miguu. Akasema yupo Zulekha, bweni la wasichana, ng'ambo ya uwanja. Basi dada yule hakukata simu. Alimwambia aketi, akaketi. Alimwambia avae soksi, akavaa. Alimshusha ngazi kwa maneno, ghorofa baada ya ghorofa, akimuuliza mambo madogo: Tanzania kuna baridi? Nyumbani wanakula nini mwaka mpya? Respicius akajikuta anaeleza ndizi kwa maharage, kwa Kichina, akiwa na koti la suti juu ya nguo za kulalia, akivuka uwanja mtupu kwenye jua hafifu.

Zulekha alishuka mpaka mlangoni. Alimtazama mara moja tu. Alichukua simu akamshukuru dada yule, kisha akamwambia Respicius akae kwenye ngazi za nje, penye jua, na asiondoke. Akarudi na uji wa moto kwenye chupa ya chai. Hakuuliza. Alikaa ngazi ya chini yake, akasoma kitabu chake cha magonjwa ya fizi, na kila mara alipofika mwisho wa ukurasa aliinua kichwa kumtazama.

Baadaye sana alisema, "Nilijua ni wewe, tangu lile taya. Mimi na Careen ndio tuliokutuma kwa Mwalimu Liang."

Respicius alisema kwamba mpango wao ulikuwa na kasoro za kimsingi, angewaeleza namna ya kuuboresha. Zulekha akafunga kitabu, akasema alhamdulillahi, mgonjwa anaanza kurudi.

Siku zilizobaki za sikukuu hakuachwa peke yake, na wala haikufanywa jambo kubwa. Adhuhuri Zulekha na Careen walimpitia, wakatembea mtoni, na wengine waliobaki wakaungana nao mmoja mmoja, kila mmoja akidai alikuwa anapita tu. Jioni Dorothea alipiga, na mtandao, ajabu, ulikuwa mzuri. Daktari aliporudi alimwongezea dawa kidogo. Mwalimu Liang aliporudi alimletea maganda ya machungwa yaliyokaushwa na mama yake, achemshe anywe, na akamsikiliza kisa cha bomba mpaka mwisho akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwezi Machi, majira yale ambayo kuta za Guangzhou hutoka jasho na ukungu unaota hata kwenye viatu, Respicius alianzisha bakteria wapya. Kwenye dirisha la maabara aliweka komeo.

Katika mkutano wa chama wa mwezi huo Careen alimpa nafasi ya dakika chache aeleze mtu aliyezidiwa aende wapi. Alizungumza karibu saa nzima. Alitaja kituo, hospitali, simu, saa za kufunguliwa, na akafundisha maneno ya Kichina ya huzuni, kwa matamshi sahihi, akiwarudisha wasiotamka vizuri. Katikati ya hayo, kana kwamba ni kipengele kama vingine, akasema yeye mwenyewe ametumia vyote na bado anavitumia. Mmoja nyuma akauliza kama lazima uende na barua. Respicius akajibu kwamba si lazima, kisha akaeleza kwa nini si lazima.

Hajapona kabisa, na amejifunza kulisema hilo bila kukohoa. Zipo siku dari linamshika. Jumapili moja ya Aprili Dorothea alimuuliza kama amelala vizuri, akasema hapana. Dorothea akasema na yeye hakulala, mvua ilinyesha usiku kucha na bati moja limelegea. Akaegemeza simu kwenye ungo, akaendelea kuchambua maharage. Respicius alimtazama akichambua, wala hakumpa ushauri wowote kuhusu bati, na walikaa hivyo, kimya, mpaka maharage yakaisha.